Opera, Makumbusho na Tanuri la Ufipa

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kulisikia neno "opera" redioni, au wamelikuta katika kitabu wakalipita. Si neno gumu. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Mfalme akitaka kutoa amri huiimba; mama akimlilia mwanawe hukiimba kilio chake; na mbele ya jukwaa, mahali palipo chini kidogo, huketi wapiga fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, pengine watu hamsini au zaidi, ambao kazi yao haiishi mpaka pazia lishuke. Mchezo wa namna hii ulianza Italia karibu na mwaka 1600, kisha ukaenea Ulaya nzima na kuvuka bahari.

Lakini opera haisikilizwi tu, bali hutazamwa pia. Pasipo mavazi na mandhari ya jukwaa, yule mfalme ni mtu mnene tu aliyesimama akipaza sauti. Kwa sababu hiyo wachoraji, washonaji na maseremala wamefanya kazi pamoja na waimbaji tangu siku za kwanza, na sanaa ya jicho na sanaa ya sikio zimekaa nyumba moja. Katika makala hii nataka kuonyesha jinsi zinavyokutana katika nyumba nyingine ambayo watu huidhania kuwa ya macho peke yake, yaani makumbusho. Kisha nitauliza jambo hilo latuhusu nini sisi tukaao Ufipa, ambako hakuna nyumba ya opera, lakini yako matanuri ya chuma yaliyosimama katika mashamba ya watu.

Mfano ulio mzuri kuliko yote niliyoisoma haukutoka Ulaya, bali Afrika, katika mji wa Cairo. Mtawala wa Misri wa wakati ule, Khedive Ismail, alikuwa mtu wa fahari. Mwaka 1869, mwaka uleule uliofunguliwa Mfereji wa Suez, alijenga nyumba ya opera, nayo ikafunguliwa tarehe 1 Novemba. Baadaye akataka opera mpya itakayoeleza habari za Misri ya kale. Aliyeombwa kutunga muziki ni Giuseppe Verdi, Mwitaliano ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha enea kila mahali. Walakini mtu aliyebuni hadithi yenyewe hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Alikuwa Mfaransa aitwaye Auguste Mariette, mchimbuaji wa vitu vya kale, ambaye mwaka 1863 alifungua makumbusho huko Bulaq, ukingoni mwa mto Nile.

Opera hiyo yaitwa Aida. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, aliyetekwa akawa mjakazi katika nyumba ya Farao bila watu kujua ni mtoto wa nani. Radames, jemadari wa Misri, anampenda; na binti Farao naye anampenda Radames. Jemadari huyo anatumwa kupigana na Waethiopia, ndiyo kusema na baba yake Aida. Sitasimulia yote. Yatosha kusema kwamba mwisho Radames anafungiwa kaburini akiwa hai, na humo gizani anamkuta Aida, aliyetangulia kujificha ili afe pamoja naye.

Mariette hakuishia kubuni hadithi. Alichora mavazi kwa mkono wake mwenyewe, akiyatoa katika picha za kuta za mahekalu na makaburi aliyoyajua kwa miaka mingi. Mwaka 1870 akaenda Paris kusimamia ushonaji wa mavazi na utengenezaji wa mandhari. Vita ikazuka baina ya Ufaransa na Prussia, Paris ukazingirwa na majeshi, na Mariette akafungiwa ndani ya mji pamoja na mavazi yake. Kwa hiyo Aida, iliyokuwa iimbwe mapema mwaka 1871, ilingoja hata tarehe 24 Desemba ya mwaka huo. Hata nyuso za waimbaji hakuziacha. Alishikilia kwamba wanyoe ndevu na masharubu, maana hakuweza kustahimili kumwona Farao mwenye masharubu ya Kizungu. Hapana shaka baadhi yao walinung'unika, kwa kuwa wakati ule masharubu yalikuwa heshima ya mwanamume.

Basi hapo twaona vitu vya makumbusho vikitoka katika makabati ya kioo na kupanda jukwaani. Lakini liko jambo moja ambalo Mariette hakuweza kumpa Verdi. Picha ya ukutani humwonyesha mpiga kinubi, na vidole vyake, na nyuzi za kinubi, sauti haitoki. Mtaalamu mmoja wa muziki, Fétis wa Ubelgiji, alikuwa ameandika kwamba ameutambua mfumo wa muziki wa Wamisri wa kale kwa kuichunguza filimbi yao moja. Verdi alipata habari kwamba filimbi hiyo imo katika makumbusho ya mji wa Florence, akaenda kuitazama. Katika barua yake alieleza alichokiona: kifilimbi chenye matundu manne, kama vile walivyo navyo wachungaji wa kwao. Akamcheka mtaalamu yule, wala hakumcheka kwa upole. Muziki wa Aida, basi, ni wa Verdi mwenyewe. Misri ilimpa nguo, majumba na hadithi. Wimbo haikumpa, kwa sababu hapakuwa na mtu hai aliyeujua.

Hadithi ya tarumbeta za Tutankhamun ni ya namna hiyohiyo. Kaburi la mfalme huyo kijana lilifunuliwa na Howard Carter mwaka 1922, na miongoni mwa vitu vilivyotoka humo zilikuwamo tarumbeta mbili, moja ya fedha na moja ya shaba. Mwaka 1939 zilipigwa ndani ya makumbusho ya Cairo, na redio ya Uingereza ikaitangaza sauti yake duniani. Chombo kilikuwa kimelala miaka zaidi ya 3,000, kikalia tena! Ajabu kubwa. Walakini kilicholia ni sauti ya chombo, si wimbo wa chombo. Mpigaji alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza, naye alipiga ajuavyo yeye, maana hakuwapo mtu wa kumwambia Farao alipigiwa nini.

Naomba msomaji aitenge mioyoni tofauti hiyo ya mambo matatu: kitu, sauti ya kitu, na wimbo. Kitu chaweza kukaa katika mchanga miaka elfu tatu. Sauti yake yaweza kurudishwa siku moja na mtu mwenye pumzi. Wimbo hukaa katika watu tu, na watu hawakai.

Je, hii maana yake ni kwamba kukitazama kitu hakutufundishi lo lote juu ya wimbo wake? La, hasha. Hakitatupa wimbo wenyewe, lakini chaweza kutuambia ulikuwa wimbo wa namna gani, mradi tujue kukiuliza. Na hiyo ndiyo kazi ya yale yaitwayo mazungumzo ya makumbusho. Zamani mtu alipoingia makumbusho alisoma kibao kidogo chini ya kila kitu, akatembea, akasoma kingine, mpaka miguu ikamwuma. Siku hizi makumbusho mengi hukusanya watu kumi au kumi na watano mbele ya picha moja au chombo kimoja tu, na kiongozi hawahutubii bali huwauliza. Waona nini? Ni kitu gani hapo kilichokufanya useme hivyo? Nani mwenye neno lingine? Jibu la mtu wa kwanza hupingwa na la mtu wa pili, na wote wawili hulazimika kurudi kukitazama kitu tena.

Mwaka 2017 makumbusho ya Victoria and Albert, London, yalifanya maonyesho makubwa juu ya opera saba, kila moja pamoja na mji wake. Mtazamaji alivaa vipokea sauti masikioni, na muziki ulibadilika kadiri alivyotembea kutoka chumba hata chumba. Ni ufundi wa kusifiwa. Hata hivyo mimi naona una upungufu mmoja: mtu aliyezibwa masikio kwa muziki, hata kama ni muziki mtamu namna gani, hawezi kubishana na mwenzake. Na bila ubishi kidogo watu hutazama kitu kama wanavyotazama miti ya njiani wakiwa ndani ya basi.

Sasa tuje nyumbani. Kiasi cha kilomita 18 kutoka mji wa Mwanza, katika njia ya Musoma, iko Kisesa, na hapo Kisesa ndipo palipo na makumbusho ya Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Nyumba za Bujora zenyewe ni kazi ya sanaa, kwa kuwa ziko zilizojengwa kwa mfano wa vitu: nyumba ya habari za watemi, mathalan, ilipewa umbo la kiti cha enzi. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi. Na iko nyumba nyingine iliyowekwa kwa ajili ya vyama vya wachezaji, na hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana, na wafuasi wao wakaendelea kushindana mpaka leo. Kila mwaka, mavuno yakiisha, hufanyika sherehe ya Bulabo mwezi wa Juni, ikianza na maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi. Mashindano yao si kama yale ya kwaya za shule, ambapo kundi moja huimba huku jingine likingoja zamu. Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi na mtungaji wake na ngoma zake. Na hakimu ni miguu ya watazamaji. Kundi litakalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Mtu akichoka na wimbo wa upande huu hugeuka tu akaenda upande wa pili, na kwa kugeuka kwake amekwisha piga kura.

Ili kuwavuta watu, wachezaji walitoa uwanjani sanamu za miti, nyingine kubwa, nyingine zenye mikono ya kuchezeshwa. Sanamu za namna hiyo zimeingia makumbusho, za Bujora na za nchi za mbali. Sasa fikirini mgeni anayeiona sanamu ya namna hiyo katika chumba kimya, imesimamishwa juu ya meza, karibu kiasi cha kuigusa. Atasema mchongaji hakuwa fundi. Uso hauna mambo mengi. Macho ni matundu tu. Miguu haina vidole. Lakini kiongozi mwenye akili atauliza: Ilitazamwa kutoka wapi? Kulikuwa na nini kingine uwanjani wakati huo? Mara mambo yote yanageuka. Ilitazamwa kutoka mbali, juu ya vichwa vya watu, katika vumbi, na huku nyuma kundi la pili likipiga ngoma zake kwa nguvu zote. Vidole vya miguu vingemfaa nani? Mchongaji aliacha vidole kwa sababu alizisikia zile ngoma. Yaani huwezi kuuelewa mti ule bila wimbo, na wimbo wenyewe, ambao ulipaswa kushindana na wimbo mwingine uliokuwa ukiimbwa papo hapo, huwezi kuuelewa ukiusikiliza peke yake katika chumba.

Sisemi kwamba ngoma ya Wasukuma ni opera. Opera hufuata hadithi moja tangu mwanzo hata mwisho, na watazamaji wake hukaa kimya. Mzungu akiinuka katikati ya wimbo akaenda nyumba ya pili hufikiriwa kuwa hana adabu. Nasema tu kwamba Aida na Bulabo zina jambo moja lililo sawa, kwamba kilichochongwa na kilichoimbwa vilitengenezwa vitegemeane, na makumbusho yakikichukua kimoja bila cha pili yamechukua nusu ya kitu.

Katika ngoma za Wasukuma iko moja iitwayo bugobogobo, ambayo wachezaji hucheza na majembe, kwa kuwa ilitokana na kazi ya kulima pamoja. Jembe hapo ni chombo cha kazi na chombo cha ngoma. Nilipofikiri juu ya hayo majembe nikakumbuka tulipo. Katika somo la Historia twafundishwa habari za Zama za Chuma, na watu wa uwanda huu walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Mwaka 1937 Bwana R. C. H. Greig aliandika habari zao katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na baadaye Makumbusho ya Taifa yalichapa kitabu cha J. A. R. Wembah-Rashid juu ya kazi ya chuma ya Ufipa. Kazi hiyo ilikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe rahisi ya kiwandani yalipojaa madukani. Matanuri yalibaki.

Kwa wale wasomaji wanaotoka mikoa mingine, na ambao wamekaa Sumbawanga miaka minne bila kuliona hata moja, nitalieleza. Tanuri kubwa huitwa ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Ni mnara wa udongo, chini mpana, juu mwembamba, kimo chake karibu mita 3, kupita urefu wa mtu ye yote katika shule yetu. Chini kabisa limezungukwa na matundu, na tundu moja ni kubwa kuliko mengine, ndilo mlango. Ndani yalipangwa makaa na mawe ya chuma kwa zamu, moto ukatiwa, ukawaka siku kadhaa. Hapo pana siri kubwa ya ufundi: tanuri hilo halikuvuviwa kwa mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, ukavutwa juu na joto, kama moshi uvutwavyo katika dohani. Kilichotoka kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma. Hilo lilipelekwa katika tanuri la pili, dogo sana, liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika, ili kulisafisha kabla ya kupelekwa kwa mhunzi.

Muhula uliopita wanachama wa Klabu ya Historia tulikwenda na mwalimu wetu kulitazama tanuri moja lililo katika shamba la mahindi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka shuleni. Upande wake mmoja umebomoka, na mbuzi huingia humo mvua ikinyesha. Tulikubaliana kufanya mazungumzo kama wafanyavyo watu wa makumbusho. Mwalimu hakutueleza neno, aliuliza tu: "Hapa watu waliimba. Je, waliimba wimbo wa namna gani?"

Mmoja wetu alijibu upesi kwamba ulikuwa wimbo wa kazi, wa kufuatana na mivukuto, mmoja akivuta na mwingine akishusha, kama wapiga makasia wanavyofuata wimbo ziwani. Wengi tulimwunga mkono, maana jibu lilipendeza. Msichana mmoja wa Kidato cha II alikuwa amechuchumaa akihesabu matundu. Akauliza, "Mivukuto mingapi? Matundu haya ni kumi. Watu kumi wangekaa wapi, na huyu jirani yake angeweka wapi magoti?" Tukajaribu kukaa kulizunguka tanuri. Haikuwezekana. Ndipo mwalimu alipotukumbusha kwamba ilungu halikuwa na mivukuto kabisa.

Jambo hilo likabadili mazungumzo. Kama mikono ya watu haikuwa na kazi, moto ukijiwakia wenyewe kwa siku kadhaa, basi wimbo wa hapa haukuwa wa kulinganisha mikono. Wimbo wa mivukuto ungefaa kule kwa kintengwe. Hapa ulitakiwa wimbo wa watu wanaongoja, tena wanaongoja kwa hofu, kwa kuwa mawe na makaa ya siku nyingi yangeweza kuharibika yote. Mwenzetu mwingine, ambaye alikuwa amesoma, akasema kwamba mafundi wa zamani waliliheshimu tanuri jipya kama bibi arusi, wakalipamba, na wao wenyewe wakakaa mbali na wake zao mpaka kazi ikaisha. Na chuma kilichotoka kilikuwa kama mtoto aliyezaliwa. Akauliza: "Watu wakikaa nje ya nyumba ya arusi wakingoja, huimba nini?" Hatukuwa na jibu, lakini kila mmoja alikuwa akilitazama lile tundu kubwa la mlango kwa macho mengine.

Naona fahari kusema kwamba mambo hayo tuliyapata kwa kutazama na kubishana, kabla hatujamwuliza mtu. Kisha tukaenda kumwamkia mzee mwenye shamba. Ni mtu wa miaka themanini na zaidi. Babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wa waliowasha matanuri ya mwisho katika kijiji kile. Mzee hakuyaona kwa macho, lakini alipokuwa mtoto babu yake aliimba nyimbo za tanuri jioni, baada ya kula, na wajukuu wakaitikia.

"Mzee, tunaomba utuimbie," mwalimu akasema.

Akatuimbia. Ulikuwa wimbo mfupi wa maneno manne ya Kifipa, wa taratibu, ukishuka mwishoni. Aliurudia mara tatu au nne. Wale wenzetu wanaojua Kifipa walitueleza kwamba neno moja kati ya manne hayo ndilo la kumwitia bibi arusi, na neno jingine hawakulijua. Hata mzee mwenyewe alisema hakupata kulisikia mahali pengine. Yule msichana wa Kidato cha II hakuweza kuzuia furaha yake, akanifinya mkono.

Tukamwomba mzee aendelee na maneno mengine. Akanyamaza kidogo, akasema: "Wajukuu zangu, hayo mengine yalikuwa ya babu. Sisi kazi yetu ilikuwa kuitikia."

Msomaji ataelewa yaliyotupata. Nyimbo zetu nyingi zina kiongozi na waitikiaji. Hadithi, majina, mafumbo, sifa za fundi na dua zote hukaa katika sehemu ya kiongozi. Waitikiaji hupewa maneno machache ya kurudia. Mtoto aliyeitikia alikua, akazeeka, akabaki na maneno yake manne. Kiongozi alizikwa na mengine yote. Ni sawa na kuwa na Aida ambayo Aida mwenyewe na Radames wametoweka, wakabaki wale waimbaji wa nyuma wanaoshangilia jeshi likipita.

Nyumba ya opera ya Cairo, ile aliyoijenga Khedive Ismail, iliungua tarehe 28 Oktoba 1971, ikaisha kabisa. Wala Aida haikufa kwa ajili hiyo. Yaimbwa mpaka leo katika miji mingi, kwa sababu Verdi aliandika kila sauti ya kila mwimbaji na kila ala katika karatasi, na karatasi zikachapwa. Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Jengo limesimama, mbuzi wanalala ndani yake, na wimbo ndio uliokwisha. Watu wa mambo ya kale wakija hulipima tanuri kimo na upana, wakalipiga picha, nayo ni kazi njema. Lakini tanuri laweza kungoja miaka mingine hamsini likiezekwa paa dogo la nyasi. Mzee wa miaka themanini na zaidi hawezi.

Kwa hiyo Klabu ya Historia imeamua kwamba likizo hii kila mwanachama atakayekwenda nyumbani Ufipa, au Ulungu, au bondeni Rukwa, atafute mtu mmoja aliyeimba au aliyeitikia nyimbo za kazi ya zamani: ya chuma, ya kufuma nguo za pamba, ya kulima ulezi, yo yote ile. Simu ya mzazi yatosha kunasa sauti. Lakini sauti peke yake haitoshi, kama tulivyoona. Yaandikwe pia mambo haya: aliyeimba alikuwa kiongozi au mwitikiaji, wimbo ulipoimbwa mikono ya watu ilikuwa imeshika nini, walikaa au walisimama, na walitazama wapi, na ni nani mwingine aliyekuwapo ambaye bado yu hai. Kama chombo chenyewe kipo, jembe, mvukuto, au kitanda cha mfumi, kichorwe, hata kama mchoraji si hodari. Mwenye kujua Kifipa aandike maneno kama yalivyo kabla ya kuyafasiri, na neno asilolielewa asiliruke wala asilibadili likafanana na jingine alijualo. Tutapokusanyika tena, kila kitu kitawekwa mezani na wimbo wake utasikilizwa mbele yake, na kila mtu ataruhusiwa kupinga. Nakala moja itakaa katika maktaba ya shule.

Mzee wa tanuri ametuambia turudi baada ya ulezi kuvunwa. Yuko dada yake mkubwa, anayekaa kijiji cha pili, ambaye wakati wa nyimbo zile za jioni alikuwa akikaa karibu na babu ili kumwashia kiko. Yeye, asema mzee, alikuwa na tabia mbaya ya kuimba sehemu ya kiongozi chini kwa chini, na mara nyingi alikemewa kwa ajili hiyo. Wanaotaka kwenda nasi waandikishe majina kwa Katibu wa Klabu kabla ya mitihani. Nafasi ni kumi na mbili.